Njia za barabara kwenda Uwanja wa Ndege wa Songwe

Njia za barabara kwenda Uwanja wa Ndege wa Songwe ni barabara na njia panda zinazotumiwa na wasafiri wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, hasa wakazi wa mikoa ya Songwe na Mbeya, kufikia uwanja wa ndege ulio kando ya barabara kuu ya T1, magharibi mwa jiji la Mbeya. Licha ya jina lake, uwanja huo haupo katika mkoa wa Songwe. Upo katika mkoa wa Mbeya, karibu na mji mdogo wa Mbalizi. Tofauti hiyo kati ya jina na mahali ni chanzo cha makosa mengi kwa msafiri mgeni: anaweza kuchagua njia panda isiyo sahihi, kukadiria vibaya umbali, au hata kutafuta tiketi ya mji mwingine.

## Jina na mahali

Uwanja wa Ndege wa Songwe ulianza kutumika mnamo Desemba 2012. Ulichukua nafasi ya kiwanja cha zamani kilichokuwa ndani ya jiji la Mbeya, ambacho njia yake ya kurukia ilikuwa fupi mno kwa ndege kubwa za abiria. Njia ya kurukia ya Songwe ina urefu wa mita 3,330, kwa hiyo inaweza kupokea ndege za jeti.

Wakati uwanja unafunguliwa, mkoa wa Songwe haukuwepo. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumega sehemu ya magharibi ya mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake ni Vwawa katika wilaya ya Mbozi. Uwanja ulibaki upande wa Mbeya, katika Wilaya ya Mbeya Vijijini.

Jina Songwe lina matumizi kadhaa katika eneo hilo, na ni vema kuyatofautisha:

* Kuna mito miwili yenye jina hilo. Mmoja unaelekea Ziwa Rukwa, mwingine unaelekea Ziwa Nyasa na ni sehemu ya mpaka wa Tanzania na Malawi.
* Kuna mkoa wa Songwe, wenye wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, pamoja na mji wa Tunduma.
* Kuna wilaya ya Songwe ndani ya mkoa huo, ambayo makao yake ni Mkwajuni. Zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Chunya.
* Kuna eneo la Songwe kando ya barabara kuu katika Mbeya Vijijini, linalojulikana pia kwa kiwanda cha saruji. Uwanja wa ndege upo upande huo.

Katika mifumo ya tiketi uwanja huu hutambulika kwa msimbo MBI, uliotokana na jina la Mbeya. Msimbo SGX, ambao mtu anaweza kudhani ni wa Songwe, ni wa uwanja wa Songea katika mkoa wa Ruvuma. Kwa sababu hiyo msafiri anayetaka kupanda ndege Songwe hana budi kuhakikisha kwamba tiketi yake imeandikwa Mbeya au MBI.

## Barabara kuu ya T1

Barabara ya T1 inaanzia Dar es Salaam na kupita Chalinze, Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, mpakani na Zambia. Inajulikana pia kama barabara ya TANZAM. Iliimarishwa baada ya Rhodesia ya Kusini kujitangazia uhuru mwaka 1965, wakati Zambia ilipohitaji njia ya kufika baharini isiyopita katika nchi zilizotawaliwa na walowezi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa sababu hiyohiyo, inapita katika ukanda huohuo. Hadi leo barabara hiyo hubeba malori mengi ya mizigo kati ya bandari ya Dar es Salaam na Zambia, Kongo na nchi nyingine za kusini.

Katika nchi zenye barabara za mwendokasi, dereva anayekwenda uwanja wa ndege huchagua njia ya kutokea iliyopewa namba, na akiipita hulazimika kwenda mbele hadi nyingine. Katika Afrika Mashariki mfano wa karibu ni barabara ya mwendokasi ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo ina njia maalumu ya kutokea kwenda Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. T1 katika mikoa ya Songwe na Mbeya haiko hivyo. Kwa sehemu kubwa ni barabara ya njia mbili, moja kila upande, inayopita katikati ya miji na vijiji, na njia panda zake hukutana nayo bila daraja la juu. Magari makubwa, mabasi, bajaji, bodaboda na watembea kwa miguu hutumia barabara hiyohiyo.

Kwa hiyo kwa msafiri wa eneo hili uchaguzi mkubwa haupo kwenye lango la uwanja. Upo mapema zaidi, katika mahali anapoingilia T1, kwani baada ya hapo njia ni moja tu.

## Njia panda muhimu

### Tunduma na Mpemba

Tunduma ni mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde upande wa Zambia. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mnamo Oktoba 2019. Mjini Tunduma barabara ya kutoka Sumbawanga, mkoani Rukwa, inaungana na T1. Abiria wa Laela au Sumbawanga wanaokwenda Songwe kwa barabara hiyo ya lami hufika Tunduma kwanza, kisha hugeukia mashariki.

Kutoka Tunduma hadi uwanja wa ndege ni takriban kilomita 80 hadi 90. Ugumu wa sehemu hii hauko katika kupotea bali katika foleni ya malori, ambayo huweza kuenea kandokando ya barabara kuu wakati shughuli za mpakani zinapokwama. Mpemba, mashariki kidogo mwa Tunduma, kuna mizani ya kupimia uzito wa magari. Magari madogo hayapimwi, lakini mabasi na malori yanayoingia na kutoka hupunguza mwendo wa wote.

### Vwawa na Mlowo

Baada ya Mpemba, T1 inapita Vwawa na kisha Mlowo. Vwawa ni makao ya mkoa wa Songwe, na msafiri anayefuata jina pekee anaweza kudhani kuwa uwanja uko hapo. Ukweli ni kwamba akifika Vwawa bado hajamaliza hata nusu ya safari kutoka Tunduma.

Mlowo ni mahali ambapo barabara ya Kamsamba, katika wilaya ya Momba, inaungana na T1. Wakazi wa bonde la Momba huitumia kutokea barabara kuu. Mashariki zaidi kuna mlima Senjele, wenye mteremko uliowahi kutokea ajali mbaya za malori na mabasi.

### Isongole: njia mbili za Ileje

Wilaya ya Ileje, ambayo makao yake ni Itumba, ndiyo yenye uchaguzi halisi wa njia. Kutoka Isongole dereva anaweza kwenda kaskazini-magharibi kwa barabara ya lami ya Isongole–Mpemba, yenye urefu wa takriban kilomita 50, kisha afuate T1 kuelekea mashariki. Anaweza pia kupita Shigamba, katika milima ya Umalila, na kutokea Mbalizi.

Kwenye ramani njia ya Shigamba inaonekana ya moja kwa moja zaidi, kwa sababu inamfikisha msafiri Mbalizi, karibu na uwanja, bila kuzunguka hadi upande wa Tunduma. Lakini inapita katika milima yenye mvua nyingi, na sehemu zake zisizo na lami huwa na utelezi katika miezi ya masika. Njia ya Mpemba ni ndefu zaidi, lakini muda wake unatabirika zaidi. Kwa safari ya kawaida dakika chache hazina madhara, ila kwa mtu anayewahi ndege, njia ndefu yenye muda unaojulikana huwa salama kuliko njia fupi ambayo lori moja lililokwama kwenye tope linaweza kuifunga.

### Mbalizi

Mbalizi ni mji mdogo kati ya jiji la Mbeya na uwanja wa ndege. Hapo ndipo barabara ya kutoka Makongolosi, Mkwajuni na Galula inapoungana na T1. Hii inaleta jambo la kushangaza kidogo: mkazi wa wilaya ya Songwe anayekwenda Uwanja wa Ndege wa Songwe hutoka nje ya mkoa wake na kuingia T1 Mbalizi, mkoani Mbeya, kisha hugeukia magharibi. Akigeukia mashariki kwa mazoea ya kwenda sokoni Mbeya, anauacha uwanja nyuma yake.

### Kutoka Mbeya na Uyole

Wasafiri wa jiji la Mbeya hufuata T1 kuelekea magharibi kupitia Iyunga, Iwambi na Mbalizi. Wale wa Tukuyu na Kyela huingia T1 Uyole, mashariki mwa jiji, hivyo hulazimika kulikatiza jiji lote. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi umejulikana kwa ajali za malori yanayoshindwa kufunga breki, na askari wa usalama barabarani huonekana hapo mara kwa mara.

## Kutambua njia ya kuingia uwanjani

Njia ya kuingia uwanjani inatoka moja kwa moja kwenye T1, upande wa magharibi wa Mbalizi. Kwa anayetoka Tunduma, ishara ya kuwa amepita ni kufika Ifisi na majengo ya mji wa Mbalizi. Kwa anayetoka Mbeya, ishara ni kuanza kufika Senjele na kuingia wilaya ya Mbozi.

Tanzania magari hupita upande wa kushoto, kwa hiyo dereva wa upande mmoja hukunja kushoto bila kuzuiwa, lakini yule wa upande wa pili hulazimika kukunja kulia na kukatiza njia ya magari yanayokuja. Kwenye barabara yenye malori marefu kungojea nafasi ya kukunja kunaweza kuchukua muda. Kosa la kupita njia panda na kugeuza gari ghafla barabarani ni hatari kuliko kuchelewa. Abiria wa mabasi ya kawaida wanaoshushwa kando ya barabara humalizia kwa bajaji, bodaboda au teksi.

## Kukadiria muda

Ndani ya maeneo ya makazi mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na mabasi ya abiria na malori hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya miji. Kwa kuwa kuna miji na vijiji vingi kati ya Tunduma na Songwe, wastani wa safari huwa chini kuliko kibao cha mwendo kinavyoonyesha. Gari likienda kwa wastani wa kilomita 50 kwa saa, umbali wa kilomita 85 huchukua takriban saa 1 na dakika 40. Wastani ukishuka hadi kilomita 35 kwa saa, muda unapanda hadi karibu saa 2 na nusu. Tofauti hiyo ya takriban dakika 44 inatosha kumkosesha mtu ndege, kwa kuwa mashirika hufunga mapokezi ya abiria kabla ya ndege kuondoka.

Mambo mengine mawili huchanganya hesabu ya muda. La kwanza ni tofauti ya saa mpakani: Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia. Msafiri anayevuka kutoka Nakonde saa yake ikionyesha 06:00 anaingia Tunduma wakati ni 07:00, yaani saa 1 asubuhi kwa hesabu ya Kiswahili. La pili ni namna ya kusoma saa. Tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 10:00 ni saa 4 asubuhi, wala si saa 10 jioni.

Hali ya hewa pia ina nafasi yake. Ukungu wa asubuhi hupunguza mwendo wa magari milimani, na unaweza pia kuchelewesha ndege yenyewe kutua.

## Upanuzi wa barabara

Serikali ya Tanzania, kupitia Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ina mpango wa kupanua T1 kati ya Igawa na Tunduma, umbali wa takriban kilomita 218. Sehemu iliyopewa kipaumbele ni ile ya Nsalaga hadi Ifisi, inayopita jiji la Mbeya kwa kilomita 29, ambayo inajengwa kuwa ya njia nne.

Mpango huo unahusisha pia barabara ya mchepuko kutoka Uyole hadi Songwe, yenye urefu wa takriban kilomita 49, ili malori ya masafa marefu yasipite katikati ya jiji. Mchepuko huo utakapokamilika, msafiri anayetoka Tukuyu au Makambako atakuwa na uchaguzi ambao leo hana: kukaa kwenye T1 kupitia Mwanjelwa na Iwambi, au kutoka Uyole na kulizunguka jiji hadi karibu na uwanja. Kwa wasafiri wa Tunduma, Vwawa na Mlowo njia itabaki ileile, na nafuu yao itategemea kupanuliwa kwa sehemu ya barabara iliyo ndani ya mkoa wa Songwe.