Mkurugenzi wa TEHAMA anafanya kazi gani hasa, na nani anaifaa?

Karibu kila ofisi ina "mtu wa IT". Printa ikigoma, anaitwa. Ukisahau nywila, anaitwa. Intaneti ikisuasua anaitwa tena, na safari hii kwa sauti ya juu kidogo. Ndiyo maana wanafunzi wengi wakisikia cheo cha mkurugenzi wa TEHAMA, ambacho kimataifa hufupishwa kuwa CIO, hudhani ni yule yule mtu wa IT, ila sasa kapewa ofisi yenye kiyoyozi.

Sivyo. Ukitaka kuiona tofauti vizuri, mwangalie mkurugenzi mmoja aliyetozwa faini bila kuiba wala kudukua chochote. Aprili 2023, chombo cha Benki Kuu ya Uingereza kinachosimamia mabenki kilimtoza Carlos Abarca, aliyewahi kuwa CIO wa benki ya TSB, pauni 81,620. Hakuambiwa kwamba ameandika programu mbovu. Aliambiwa kwamba hakusimamia ipasavyo kazi iliyofanywa na wengine. Hebu tuone ilikuwaje, maana ndani ya kisa hiki kazi nzima ya CIO imo.

Benki iliyohama nyumba

TSB ilikuwa sehemu ya benki kubwa ya Lloyds. Walipotenganishwa mwaka 2013, TSB iliendelea kutumia mifumo ya kompyuta ya Lloyds, kama mpangaji anayelipa kodi kwa mwenye nyumba. Mwaka 2015 ikanunuliwa na benki ya Sabadell ya Hispania, na mpango ukawa ni kuhama: taarifa za wateja zaidi ya milioni 5 zitoke kwa Lloyds ziende kwenye jukwaa jipya. Jukwaa hilo lingejengwa na kuendeshwa na SABIS, kampuni ya teknolojia iliyo ndani ya kundi la Sabadell. SABIS nayo haikuwa peke yake, ilitegemea kampuni nyingine 85.

Awali ilipangwa wahame Novemba 2017. Ikaahirishwa. Hatimaye wakahama mwishoni mwa wiki, Aprili 2018. Taarifa zenyewe zilihamishwa vizuri tu, ila jukwaa lililozipokea ndilo lililoshindwa kazi. Wateja wapatao milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuingia kwenye akaunti zao. Wengine waliona taarifa za akaunti za watu wengine. Matawi yalielemewa, simu hazikupokelewa, na benki haikurudi kwenye hali ya kawaida mpaka Desemba mwaka huo. Ililipa wateja fidia ya pauni milioni 32.7, kisha Desemba 2022 wasimamizi wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Nyuma ya namba hizo kuna mtu ambaye kodi ya nyumba ilifika siku ya kulipwa na hela anazo, ila hazigusiki. Mfumo wa benki ukilala, maisha ya watu yanasimama.

Tofauti ya "tumepima" na "tutapima"

Kosa lilikuwa wapi? Uchunguzi huru ulioagizwa na bodi ya benki yenyewe ulionyesha mambo kadhaa. Moja ni rahisi kulielewa hata kama hujasomea kompyuta. Jukwaa jipya lilikuwa na vituo viwili vya data vilivyotakiwa kufanya kazi kwa pamoja. Kile kipimo cha kuona kama mfumo utastahimili wateja wengi kwa mpigo kilifanyika kwenye kituo kimoja tu. Ni sawa na kuijaribu injini moja ya ndege yenye injini mbili, halafu ukawaita abiria wapande.

Kabla ya kuhama, Abarca aliomba uthibitisho kutoka SABIS kwamba wako tayari. Barua ya uthibitisho ikaja. Tatizo ni kwamba kwa sehemu kubwa barua ile ilieleza matarajio na nia njema kuhusu mambo ambayo bado yangefanywa. Haikuwa ushahidi kwamba yamekwisha kufanywa. Wasimamizi walisema alipaswa kwenda mbali zaidi: ahoji msingi wa maneno yale, na ahakikishe uwezo wa SABIS unapimwa upya kadiri mradi unavyoendelea.

Kiswahili kinatusaidia hapa. "Tumepima" si "tutapima", na zote mbili si "tunatarajia kwamba tukipima itafaa". Ukisoma haraka, silabi moja inapita bila kuonekana. CIO analipwa ili asiipite. Akiona "ta" mahali palipotakiwa "me", hatua inayofuata ni kusema: sawa, nionyesheni.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni ipi?

Tunaweza kuigawa mara nne.

Kwanza, kuamua fedha ya teknolojia iende wapi. Kila idara inataka mfumo wake: mauzo wanataka programu mpya ya simu, wahasibu wanataka mfumo mpya wa hesabu, na huku seva za zamani zinapumua kwa shida. Fedha haitoshi vyote. CIO anachagua, na lazima aweze kueleza kwa nini mradi huu umepita na ule umesubiri.

Pili, kuhakikisha mifumo haisimami na taarifa za watu ziko salama. Hapa kuna maswali ya kuudhi: nakala ya akiba iko wapi, na lini mara ya mwisho tulijaribu kuirejesha? Nakala ambayo hujawahi kuirejesha hujui kama inafanya kazi.

Tatu, kusimamia wakandarasi. Siku hizi taasisi nyingi hazijengi mifumo zenyewe, wanaikodi. Lakini kisa cha TSB kinafundisha kwamba kazi unaweza kumkodisha mwingine, wajibu unabaki nao. Mteja aliyefungiwa nje hakuwa na mkataba na SABIS wala na zile kampuni 85. Alikuwa na mkataba na benki yake.

Nne, kutafsiri. CIO anaishi kati ya vyumba viwili. Kwenye chumba kimoja wahandisi wanasema, "Muda wa mwitikio umepanda kwenye jaribio la mzigo." Kwenye chumba cha pili bodi inauliza, "Tarehe iko pale pale, au?" Akipeleka sentensi ya wahandisi kama ilivyo, bodi itatikisa kichwa na kuendelea. Kazi yake ni kusema: "Tukifungua Jumatatu, wateja wengi wanaweza kukuta mfumo umekwama, na kurekebisha baadaye kutatugharimu kuliko kusubiri."

Usichanganye cheo hiki na CTO, ambaye kwenye kampuni nyingi hushughulikia teknolojia inayoingia ndani ya bidhaa inayouzwa. CIO anashughulika zaidi na mifumo inayoiendesha taasisi yenyewe. Kwenye taasisi ndogo mtu mmoja huvaa kofia zote mbili.

Cheo kilitoka wapi?

Si cha zamani sana. Mwaka 1981 William Synnott, aliyekuwa kiongozi wa teknolojia katika benki moja ya Boston, na mwenzake William Gruber waliandika kitabu kilichotetea wazo kwamba habari ni rasilimali kama fedha, hivyo inastahili kiongozi wake kwenye meza ya juu. Kabla ya hapo, kwenye mashirika mengi kompyuta zilikuwa chini ya meneja wa uchakataji wa data, mbali na meza hiyo. Mwaka 1996 Marekani ilitunga sheria ijulikanayo kama Clinger-Cohen, ikazitaka idara kubwa za serikali kuu kuwa na CIO.

Na hapa kuna habari itakayomfurahisha msomaji wa Kiswahili. Mwaka 2009 Rais Obama alipoteua CIO wa kwanza wa serikali kuu yote ya Marekani, alimteua Vivek Kundra: mzaliwa wa India aliyekulia Tanzania, akajifunza Kiswahili utotoni, kisha akahamia Marekani na familia yake akiwa na umri wa miaka 11 hivi. Shahada yake ya kwanza haikuwa ya kompyuta. Alisomea saikolojia, ndipo baadaye akachukua ya uzamili katika teknolojia ya habari.

Kundra alikuta serikali inatumia karibu dola bilioni 80 kwa mwaka kwenye teknolojia, na vituo vya data vimeongezeka kutoka 432 mwaka 1998 hadi zaidi ya 1,100. Juni 2009 akazindua tovuti ya wazi iliyoonyesha kila mradi mkubwa: umefikia wapi, uko ndani ya bajeti au la. Pembeni ya mradi akaweka picha ya CIO wa idara inayohusika. Wazo ni rahisi, ila linauma. Mwezi uliofuata, idara inayohudumia maveterani ilisimamisha kwa muda miradi 45 iliyokuwa imechelewa au kuzidi bajeti ili ikaguliwe upya. Kundra hakurekebisha programu hata moja kati ya hizo. Alichofanya ni kuhakikisha swali "mmefika wapi?" lina mtu wa kulijibu, mwenye jina na sura.

Nani anaifaa?

Inamfaa mtu anayeielewa teknolojia kiasi cha kutodanganywa, lakini haiabudu. Si lazima uwe mwandishi bora wa programu ofisini. Lazima ujue swali gani likiulizwa mkandarasi ataanza kukohoa.

Inamfaa mtu anayeweza kusema "bado" mbele ya wakubwa. Hii ni ngumu, hasa kwetu ambako mdogo kumpinga mkubwa kikaoni huonekana utovu wa adabu. Lakini "bado" inaweza kusemwa kwa heshima na kwa namba, na ikisemwa mapema huwa rahisi kuliko kuomba radhi kwa watu milioni 1.9.

Inamfaa mtu ambaye vijana wake hawamwogopi. Habari mbaya huanzia chini, kwa yule fundi aliyeona jaribio limefeli usiku. Ukiwa bosi wa kufoka, ataificha, na wewe utaisikia pamoja na waandishi wa habari.

Haimfai mtu ambaye raha yake yote ni kujenga kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya CIO ni vikao, bajeti, mikataba na barua. Kama kuandika programu ndiko kunakokuamsha asubuhi, bobea kwenye uhandisi na ubaki huko. Hakuna aibu, na wahandisi wazuri wanahitajika sana.

Hakuna anayetoka chuo moja kwa moja na kukaa kwenye kiti hiki. Watu hupitia miaka kwenye mifumo, usimamizi wa miradi, ukaguzi au usalama wa mitandao. Ukiwa bado chuoni, chukua somo la uhasibu hata kama si la lazima. Isome sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya nchi yako: Kenya ilitunga yake mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Na mradi wako wa mwaka wa mwisho ukikamilika, andika ukurasa mmoja wa kumweleza shangazi yako mwenye duka: mfumo huu unafanya nini, ukizimika nani anaumia, na umejaribu nini kuhakikisha hauzimiki.

Kwenye hilo swali la mwisho, andika yale tu unayoweza kuyasema kwa "nime". Yote yanayokutoka kwa "nita" yaweke kwenye orodha ya pembeni. Hiyo orodha ndiyo kazi iliyobaki.