Kabla ya kushusha kiti cha pikipiki, zingatia haya

KWA mwendeshaji wa pikipiki mwenye kimo kifupi, mara nyingi hatari haiko katika mwendo kasi bali katika kusimama. Anayegusa ardhi kwa ncha za vidole tu anaweza kushindwa kuizuia pikipiki yenye abiria na mzigo pindi inapoanza kuinama.

Ndiyo maana wengi huamua kuweka kiti kilicho chini zaidi. Wapo pia wanaofanya hivyo kwa ajili ya mvuto, kwani kiti chembamba huipa pikipiki umbo la kupendeza.

Hata hivyo, unafuu huo una gharama yake. Viti vingi hushushwa kwa kupunguza sponji. Inapokuwa nyembamba mno, hubonyea hadi mwili ukagota kwenye kitako kigumu cha kiti, na dereva anayeshinda barabarani hurudi nyumbani akiugulia kiuno. Aidha, vikanyagio havishuki pamoja na kiti, hivyo magoti hukunjwa zaidi na miguu huchoka mapema.

Upana nao una nafasi yake. Kiti kilichopunguzwa upana karibu na tangi la mafuta huruhusu miguu kushuka wima badala ya kutanuka. Kwa njia hiyo nyayo hufika chini bila kupunguza sana sponji ya sehemu ya kukalia.

Baadhi ya watengenezaji huuza viti vya kimo tofauti. Kwa mfano, kiti cha kawaida cha BMW R 1250 GS, iliyotambulishwa mwaka 2018, kina kimo cha milimita 850 au 870, wakati kile cha chini kina kimo kidogo zaidi.

Njia nyingine ni kushusha shokomzoba, lakini hiyo huusogeza mwili wa pikipiki karibu na mawe na mashimo. Stendi ya pembeni nayo huweza kuzidi urefu unaohitajika, pikipiki ikasimama wima mno na kuanguka kwa urahisi.

Abiria naye asisahauliwe. Nchini Kenya, Sheria ya Trafiki inamtaka akae kwenye kiti kamili kilichofungwa imara nyuma ya dereva.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi, mnunuzi hana budi kukikalia kiti kwa muda, akiwa amevaa viatu vyake vya kazi na amempakia mtu nyuma. Sponji ngumu kiasi ni bora kuliko laini inayobonyea upesi.