Kula lami kila mtu anaweza, kasheshe ipo kwenye rivasi!

Kama wewe ni mmoja wa wale vijana wa mjini waliokabidhiwa leseni ya magari makubwa juzijuzi, na sasa unapita kijiweni huku ufunguo ukining'inia kidoleni, wiki hii nina mazungumzo na wewe. Na wewe usiye na mpango wa kushika usukani usifunue ukurasa. Ipo siku utakatiza nyuma ya semi inayorudi rivasi, na ni vizuri ukajua dereva anaona nini na nini haoni.

Kijiweni kwetu Temeke madereva ni wengi kuliko mafundi cherehani. Ukikaa nao jioni utasikia habari za mlima Kitonga, za foleni ya Tunduma, za Kasumbalesa, na za jamaa aliyetoka Dar alfajiri akala chakula cha usiku Mbeya. Kila mmoja suka, kila mmoja mkali. Lakini sijawahi kumsikia mtu akijisifia namna alivyoingiza tela kwenye jukwaa la godauni, lile jukwaa la zege lenye kimo sawa na sakafu ya tela, mzigo unaposhushwa kwa kusukumwa tu. Kutoka Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilometa 900, na unazimaliza ukiwa umekaa unasikiliza muziki. Zile mita 15 za mwisho, tena za kurudi kinyumenyume, ndizo zinazokutoa jasho mbele za watu.

Nasema hivyo kwa sababu kabla ya kushika kalamu nilishika usukani. Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka na mambo yakawa kama yalivyokuwa, nilikwenda kuwa utingo mwaka mmoja na nusu, nikajifunza, nikapata leseni. Siku ya kwanza kupewa semi peke yangu ilikuwa ya deiwaka. Mwenye gari anaumwa, bosi hana mtu, kontena la futi 40 limeshatoka bandarini na linasubiriwa kwenye godauni moja barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Kutoka Kurasini niliendesha safi kabisa, kiwiko nje ya dirisha, nauza sura kila kituo cha daladala. Pale Tazara nilimpigia honi hadi trafiki.

Kilichonisubiri ndani ya geti nilikuwa sikijui.

Majukwaa yalikuwa manne. Matatu yana magari tayari, na nafasi yangu ni ya katikati, gari huku na gari huku. Makuli wamekaa juu ya magunia wanasubiri kazi. Mama ntilie naye amebandika sufuria zake pembeni. Nilipoanza kuzunguka uwanja, kuli mmoja akawaambia wenzake kwa sauti, "Mgeni huyo. Kaeni vizuri, sinema inaanza."

Asikwambie mtu, ilikuwa sinema kweli. Nikikata kulia mkia unakimbilia kushoto. Nikisahihisha, unavuka upande wa pili. Nikikanyaga mafuta ili nimalize haraka aibu ile, kichwa na tela vinakunjana kama kiwiko, hadi mipira ya upepo inakaza na utingo wangu anapiga kofi kwenye mlango, "Kaka, simama, unakata mipira!" Wakati huo washauri wameshafika kumi. Mlinzi anasema "lete, lete," kuli anasema "kata, kata," dereva wa gari la jirani anasema "mbele kidogo," na mama ntilie, naapa, naye alikuwa ananyoosha mwiko. Mmoja akisema "kulia" sijui ni kulia kwangu au kwake, wala sijui anataka usukani uende huko au mkia.

Zilipita kama dakika 40. Hatimaye, kwa bahati zaidi kuliko akili, tela likanyooka. Nikarudi taratibu mpaka likagusa mpira wa jukwaa. Makuli wakapiga makofi. Nikazima muziki, nikashuka kama bingwa wa ngumi.

Milango ya kontena ilikuwa imefungwa!

Kwa asiyejua: milango ya kontena inafunguka kwa nje. Ukishaibana kwenye zege hakuna wa kuifungua, hata ulete jeshi zima. Inabidi uisimamishe gari mbele, milango ifunguliwe, ikunjwe hadi ubavuni na kufungwa kwa kulabu isije ikapiga gari la jirani, ndipo urudi. Na kabla ya kuifungua usisimame katikati, maana mzigo uliotikisika tangu melini unaweza kuwa umeegemea mlango. Unafungua bawa moja taratibu ukiwa pembeni. Haya yote nilikuwa nayajua, maana nilikuwa utingo. Ila siku hiyo sikuwa utingo, nilikuwa 'suka'.

Watu walicheka hadi wakalala juu ya magunia. Nikapanda garini na hasira, nikasogea mbele kama mita mbili. Dogo, utingo wangu, akaingia katikati ya mkia na jukwaa kufungua milango. Hapa sitaki mzaha tena. Uwanja ule una mteremko mdogo kuelekea jukwaani. Mimi sikuvuta breki ya mkono. Niliikanyaga ya mguu tu, nikijiambia ni sekunde chache. Msimamizi wa godauni akaja dirishani kunifokea kwamba nimewachelewesha. Nikageuka kumjibu, mguu ukalegea.

Gari halikukimbia. Lilirudi polepole, kama mtu anayesogea kwenye benchi kumpisha mwenzake. Gari la namna ile likiwa na mzigo linaweza kufika tani 56, ndicho kikomo cha gari la ekseli saba katika sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Langu halikufika huko, lakini uzito kama huo hauhitaji mwendo ili umvunje mtu kifua. Dogo aliponiambia baadaye alisema hakusikia injini, alisikia kokoto zikisagika chini ya tairi. Akajirusha pembeni. Mguu ukatoka, ndala haikutoka. Nilipokanyaga breki na kushuka nikaikuta imebanwa kati ya bampa na zege, nyembamba kama chapati.

Hakuna aliyecheka.

Taa mbili za nyuma zilivunjika, na fedha zake zikakatwa kwenye posho yangu. Sikulalamika. Jioni ile dereva mmoja wa makamo, mwenye gari lililokuwa jukwaa la kwanza, aliniita tukakae kwenye kivuli cha tairi lake. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulishuka mara ngapi kuangalia?" Nikamwambia sikushuka hata mara moja. Akatikisa kichwa. Yeye, pamoja na miaka yake yote barabarani, kila anapofika uwanjani hushuka kwanza akatembea kwa miguu pale tela litakapopita. Anaangalia mashimo, mteremko, nguzo, nyaya zilizo chini, paa linalojitokeza. Katikati ya rivasi akiwa na shaka anashuka tena. Aliwahi kuhesabu mara sita kwenye jukwaa moja. "Wanaokucheka ukishuka," aliniambia, "hawatakwenda na wewe polisi."

Mengine aliyonifundisha niliyafanyia mazoezi Jumapili, uwanja mtupu, mapipa mawili yakiwa jukwaa, na nakupa bure. Ukitaka mkia wa semi uende kulia, usukani unaukata kushoto. Mkia ukishaanza kwenda usikae unaufurahia, kwa sababu utaendelea mpaka mkunjane. Rudisha usukani kulia mapema, kichwa kianze kulifuata tela. Kama akili inagoma mambo ya kinyume, shika usukani kwa chini, karibu na tumbo. Mkono ukiupeleka kulia, mkia unakwenda kulia. Mkono kushoto, mkia kushoto. Mimi jambo hilo peke yake liliniokoa.

Ukiwa unarudi moja kwa moja, angalia vioo vyote viwili. Tela likianza kujitokeza zaidi kwenye kioo cha kushoto, peleka usukani kidogo kushoto, kuelekea kioo hichohicho, litajificha. Nimesema kidogo. Tela huchelewa kupokea habari. Wewe unakata sasa, lenyewe linaitika baada ya mita moja au zaidi, na mgeni anadhani halijasikia, anaongeza usukani, ndipo linapozidi. Tela refu huchelewa zaidi, fupi lina kiherehere. Kwa hiyo gia ya chini kabisa, bila mafuta, gari litambae lenyewe. Likiharibika, sogea mbele, linyooshe, anza upya. Kusogea mbele ni sehemu ya rivasi. Ni wageni tu wanaoona aibu.

Lakini kazi kubwa hufanyika kabla hujaweka rivasi. Magari yetu usukani uko kulia, basi panga uingie kwa upande wako wa kulia, ili mkia uuone kwa macho yako kupitia dirishani. Pita mbele ya majukwaa yakiwa kuliani kwako. Ukishaivuka nafasi yako, peleka pua ya gari kushoto, mkia uanze wenyewe kuelekea jukwaani, ndipo usimame na kurudi. Ukiingilia upande wa kushoto, tela likikunja linaziba kioo na unabaki unaendesha kwa dua. Mimi siku ile niliingilia kushoto kwa sababu geti lilikuwa limenielekeza huko. Ningeweza kuzunguka uwanja. Nafasi ilikuwepo.

Na kama umepewa 'pulling', lile tela lenye ekseli yake ya mbele na mkono wa kuvutia, jua kwamba pale kuna viungo viwili vinavyokunja, kinyume kinageuzwa tena kinyume. Usijifunzie hapo. Anza na semi. Chuo kama NIT pale Mabibo, kilichoanza mwaka 1975, kina mafunzo ya madereva wa magari makubwa, na hata ukiwa na leseni tayari hupotezi kitu kwenda kukaa darasani.

Kuna washikaji wananiambia siku hizi kuna kamera. Sawa, zipo. Ila kamera iliyofungwa nyuma ya kichwa ukishaunga tela inakuonyesha tela tu, na iliyofungwa mkiani, baada ya safari ya matope, inakuonyesha matope. Isafishe, itumie, halafu shuka uangalie.

Sasa utingo. Vijana wengi wakishapanda cheo wanamwona utingo kama mpiga kofi kwenye bodi. Jamani, yeye ndiye macho yako, na mwili wake ndio uko nyuma. Mimi na dogo tulikubaliana mambo siku ileile, yeye akiwa na mguu mmoja peku. Anayeniongoza ni yeye tu. Wengine wote, hata bosi mwenye godauni, wapige kelele wanavyotaka, sisikii. Ananiongoza kwa mikono, sio kwa mdomo, na akionyesha upande anaonyesha mkia uende wapi, mambo ya usukani aniachie. Anasimama pembeni, pale ninapouona uso wake kwenye kioo. Nikimkosa kwenye kioo sekunde moja, nasimama papo hapo hadi aonekane tena. Usiku anashika tochi. Muziki umezimwa, dirisha liko wazi. Na hakuna kuingia kati ya mkia na jukwaa mpaka nivute breki ya mkono, asikie ule upepo unaotoka "pssss", nizime injini, nishuke na ufunguo mfukoni. Ufunguo mfukoni lilikuwa sharti lake yeye, sio langu.

Msimamizi anayekufokea ujue yuko kazini, naye ana bosi wake. Mjibu ukiwa umeshavuta breki. Maneno yake yatakusubiri.

Yule dogo sasa ana semi yake ya kuendesha, na tukikutana Tazara lazima apige honi. Nilimnunulia ndala mpya wiki ileile, jozi nzima, akazikataa. Alisema ndala zake alizonazo hazina tatizo, ila anadai moja, ya kushoto, namba tisa, ya bluu. Anaidai hadi leo mbele ya utingo wake mpya, na yule kijana anacheka bila kujua kwa nini bosi wake hashuki garini bila kuvuta ufunguo.