SI MLEVI, SI MKAIDI: MACHO YA MGONJWA WA PARKINSON

Jua linapokuchwa nyuma ya milima ya Kongo, wavuvi wa Magara huwasha taa zao na kwenda kutafuta ndagala. Saa hiyo sisi askari, tuwapo zamu kwenye barabara iendayo Rumonge, hukutana na watu wa kila namna. Tuseme miongoni mwao yumo mzee mmoja: mkono wamtetemeka, uso umekakamaa, hatua zake ni fupi fupi. Tunamwamuru asogee, naye amesimama kana kwamba miguu imegandamana na ardhi. Je, tumwite mlevi au mkaidi?

Tusifanye haraka. Huenda ana ugonjwa wa Parkinson, ulioitwa kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Ndani ya ubongo mna chembe zitengenezazo dopamini, kemikali isaidiayo kuongoza mwendo wa mwili. Chembe hizo zikifa, mwili hutetemeka, hukakamaa na kuwa mzito.

Wengi wetu hatujui kwamba maradhi haya hugusa kuona pia. Dopamini hufanya kazi hata katika utando wa nyuma ya jicho upokeao mwanga. Ikipungua, mgonjwa hupata shida kupambanua vitu vyenye rangi zinazokaribiana, hasa magharibi. Ubongo nao hukosea kupima umbali, na njia iliyobanwa huweza kumgandisha. Wengine huona kitu kimoja kuwa viwili. Wengine, ugonjwa ukikomaa, huona watu au wanyama wasiokuwapo. Hata hivyo, akipimwa kwa herufi za ukutani, huenda akazisoma vyema.

La ajabu ni kwamba jicho hilo hilo laweza kumfungua. Ikichorwa mistari sakafuni, hatua kwa hatua, mgonjwa aliyeganda mara nyingi huivuka na kwenda. Mistari huupa ubongo njia nyingine ya kuongoza mguu.

Katika wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miaka ya 2005 na 2006 kati ya watu 161,071. Waliwapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa kabla ya hapo. Basi yawezekana wapo vijijini mwetu pia, na hata miongoni mwa wazee wetu waliostaafu jeshini.

Kwa hiyo, ndugu askari na polisi, tukimkuta mzee wa namna hiyo tumwamkie kwanza. Tumulike chini mbele ya miguu yake, si usoni. Tumwambie jambo moja moja na kumpa nafasi. Tuweke mguu wetu mbele ya wake auvuke. Tusimsukume wala kumvuta, kwani huanguka upesi. Kisha tuwashauri jamaa zake wampeleke hospitali: dawa ya levodopa haiponyi, lakini huwarahisishia wengi mwendo.

Tumefunzwa kumtambua adui gizani. Mzee huyu si adui, na kumtambua yeye pia ni sehemu ya zamu yetu.