Unene Uliokithiri: Kilichobadilika ni Mazingira Yetu

Unene uliokithiri ni mrundikano wa mafuta mwilini kwa kiwango kinachohatarisha afya. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa na hali hiyo, na kwamba miongoni mwa watu wazima imeongezeka zaidi ya maradufu tangu 1990. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri.

Wapo wanaolihusisha ongezeko hili na ulafi au uvivu, na wapo ambao bado huona kitambi kuwa dalili ya neema. Mitazamo yote miwili haitoshelezi. Maumbile ya binadamu hayabadiliki ndani ya kizazi kimoja; kilichobadilika ni mazingira anamoishi.

Badiliko la kwanza ni la kazi na usafiri. Kutwanga nafaka, kuchota maji na kwenda shambani kwa miguu kulitumia nishati nyingi. Leo mashine husaga, daladala na bodaboda husafirisha, na wengi hufanya kazi wakiwa wameketi. Nafuu hiyo ni njema, lakini mwili unahitaji chakula kidogo zaidi kuliko awali, ilhali sahani haijapungua.

Badiliko la pili ni la chakula chenyewe. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au sukari hutoa 4. Hivyo viazi vikikaangwa kuwa chipsi, nishati yake huongezeka sana hata kama kiasi machoni ni kilekile. Vyakula vya namna hii hupatikana karibu kila kona, tayari kuliwa, wakati anayechelewa kutoka kazini hana muda wa kuchemsha maharage.

Badiliko la tatu ni sukari inayonywewa. Kinywaji hakishibishi kama chakula, hivyo nishati yake huongezwa juu ya mlo badala ya kuupunguza. Tuchukue chupa ya mililita 500 ambayo lebo yake inaonyesha gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Namba hiyo ni ndogo machoni, lakini chupa nzima ina gramu 53, sawa na takriban vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida. Chupa moja imekwisha kuuvuka mpaka huo.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua, mlaji anashauriwa:

- kuangalia iwapo namba za lebo ni za gramu 100 au za kifungashio kizima, kisha kuzidisha;
- kusoma orodha ya viambato, ambayo huanza na kile chenye uzito mkubwa zaidi;
- kutambua kuwa glukosi, fruktosi na asali nazo ni sukari.

Kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo huambatana na unene huu. Mlaji hawezi kubadili mazingira yote peke yake, lakini anayo haki ya kujua anachonunua. Bidhaa iliyofungashwa isiyo na lebo inayosomeka isinunuliwe, na itolewe taarifa katika ofisi yetu iliyo karibu.