Jina la Meyer kwenye Mlima Kilimanjaro

Meyer ni jina la familia ya wachapishaji na wataalamu wa Ujerumani. Nchini Tanzania linapatikana kwenye Mlima Kilimanjaro: Kilele cha Hans Meyer (mita 5,149 juu ya usawa wa bahari), ambacho ni cha juu kabisa katika Mawenzi, na Pango la Hans Meyer kwenye njia ya Marangu, kati ya kibanda cha Kibo na ukingo wa kasoko.

Familia

Joseph Meyer (1796–1856) alianzisha kampuni ya uchapishaji Bibliographisches Institut mjini Gotha mwaka 1826. Mwaka 1874 kampuni ilihamia Leipzig. Ilijulikana hasa kwa kamusi elezo iliyobeba jina la familia, Meyers Konversations-Lexikon. Mwanawe, Herrmann Julius Meyer, alijenga mjini Leipzig makazi ya bei nafuu kwa wafanyakazi, ambayo hadi leo huitwa "Nyumba za Meyer". Hans Meyer (1858–1929), mwana wa Herrmann Julius, alikuwa mwanajiografia.

Safari za Hans Meyer

Mwaka 1887 alipanda Kibo lakini alizuiwa na barafu. Mwaka 1888 alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri, akaachiliwa baada ya kulipa fidia. Mwaka 1889 alipokelewa Marangu na Mangi Marealle, na tarehe 6 Oktoba alifika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller kutoka Austria.

Jinsi majina yalivyotolewa

Kilele cha Kibo Meyer hakukipa jina lake mwenyewe, bali la mfalme wake: Kaiser-Wilhelm-Spitze. Barafuto moja (mto wa barafu) aliipa jina la Friedrich Ratzel, profesa wa jiografia wa Leipzig. Jina la Meyer lilifika Mawenzi mwaka 1912, pale Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute walipokuwa wa kwanza kufika kilele chake, wakamheshimu mtangulizi wao. Ndiyo ilikuwa desturi: mpandaji alimtukuza mtawala, mwalimu au mtangulizi, na jina likaingia katika ramani zilizochorwa Ulaya. Wenyeji hawakuulizwa.

Baada ya uhuru

Baada ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, jina la Kaiser liliondolewa na kilele cha Kibo (mita 5,895) kikaitwa Uhuru. Majina ya Meyer na Purtscheller yalibaki Mawenzi.

Hakuna kilele chenye jina la waongozaji na wapagazi wa mwaka 1889. Huko Marangu anakumbukwa hasa Yohani Kinyala Lauwo, anayetajwa kuwa mwongozaji wa Meyer. Kwenye lango la Marangu, pamoja na kibao cha Meyer, pana kumbukumbu ya Watanzania waliofuatana naye. Majina ya Kibo na Mawenzi, yaliyotumiwa na Wachagga kabla ya wageni hao, hayakubadilishwa.