Kumbukumbu mpya ya tarakilishi iliyowagawanya wawekezaji

WAHENGA walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya kumbukumbu za tarakilishi, hata hivyo, kizuri kimoja kilitembezwa kwa miaka saba na bado kikakosa wanunuzi wa kutosha.

Kizuri hicho ni teknolojia ya 3D XPoint, iliyotangazwa na kampuni za Marekani, Intel na Micron, mnamo Julai 28, 2015. Kampuni hizo zilidai kwamba ingekuwa na kasi hadi mara 1,000 ya kumbukumbu ya NAND, na kubeba data mara 10 zaidi ya DRAM katika nafasi ile ile.

Ili kuuelewa mvutano uliofuata, ni vyema kujua kazi ya aina hizo mbili. DRAM ni kama meza ya karani: faili iliyo juu yake huchukuliwa mara moja, ila umeme ukikatika kila kitu hufutika. NAND, ambayo hutumika katika simu na vifaa vya kuhifadhia data, ni kama kabati. Huhifadhi data hata pasipo umeme, tena kwa bei nafuu, lakini kuifikia data hiyo huchukua muda mrefu zaidi. 3D XPoint ilikusudiwa kukaa katikati: kuhifadhi kama kabati, kwa kasi inayoikaribia ile ya meza.

Wawekezaji waligawanyika. Waliovutiwa na hisa za Micron walisema kwamba seva zingehitaji kumbukumbu ya aina hiyo kadiri data ilivyozidi kuongezeka duniani. Isitoshe, mapato ya kampuni hiyo hupanda na kushuka pamoja na bei za DRAM na NAND. Hapa ingepata bidhaa isiyo na washindani wengi.

Waliokuwa na shaka waliitazama bei. Kumbukumbu huwa rahisi inapotengenezwa kwa wingi, nao wingi huo hauji pasipo wanunuzi. Wanunuzi nao hawaji bei isiposhuka. DRAM na NAND zilikuwa zikiundwa na kampuni kadhaa zilizoshindana vikali, ilhali uzalishaji wa 3D XPoint ulitegemea kiwanda kimoja mjini Lehi, katika jimbo la Utah.

Bidhaa za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2017 kwa jina la Optane. Zilikuwa na kasi kweli, lakini si kwa kiwango cha mara 1,000. Zile za kuchomekwa kando ya DRAM zilifika mwaka 2019, nazo zilifanya kazi na prosesa za Intel pekee. Kufikia wakati huo bei za DRAM na NAND zilikuwa zimeporomoka, na sababu ya kununua bidhaa ya katikati ikafifia.

Micron ilijiondoa Machi 2021. Ilieleza kwamba kiwanda cha Lehi, kilichokosa kazi ya kutosha, kilikuwa kikiigharimu zaidi ya dola milioni 400 kwa mwaka. Mwaka huo huo kiliuzwa kwa Texas Instruments kwa dola milioni 900. Intel nayo ilitangaza kuifunga biashara ya Optane Julai 28, 2022, miaka saba kamili tangu siku ya uzinduzi, na kukubali hasara ya dola milioni 559 kwa bidhaa zilizosalia ghalani.

Je, nani alikuwa na haki? Walioisifu teknolojia hawakukosea kwamba ilifanya jambo ambalo DRAM na NAND hazingeweza. Waliokuwa na shaka waliliona soko vyema zaidi.

Kwa hivyo, kampuni inapotangaza kumbukumbu mpya, mwekezaji asiishie kuuliza kasi yake. Na aulize pia itauzwa bei gani, ni wangapi watakaoitengeneza, na iwapo mnunuzi atalazimika kubadilisha mitambo yake ili aitumie. Mara nyingi hatima ya hisa zake imo katika majibu hayo matatu.